Sentimita Tano kwenye Dirisha la Mwenyekiti

3 Machi

Mdogo wangu,

Pokea salamu za kaka yako ambaye bado anatembea bila fimbo. Goti la kulia linalia nikipanda ngazi, lakini linapanda, sikulipa nafasi ya kuchagua. Sikio la kushoto limekufa kabisa na la kulia linasikia likipenda, kwa hiyo usinipigie simu, nitaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa jambo nisilolijua. Andika. Kusoma nasoma kidole kikiwa kwenye mstari, nachelewa lakini nafika. Mjukuu ameshaota jino? Mwambie mama yake asimbebe kila saa, atachelewa kutembea.

Sasa sikiliza. Madirisha ya jengo letu yanang'olewa yote. Fleti kumi na sita, kila fleti madirisha manne, jumla sitini na nne, na yote yalitoka kwenye mikono hii. Hakuna mtu mwingine katika mji huu anayeweza kusimama barabarani akatazama ghorofa nne akasema kila unapoona kioo, hapo nilipita mimi na randa yangu. Sasa wanataka ya aluminiamu. Wanasema mbao zimeoza na yanavuja. Kuzeeka yamezeeka, sikatai, hata mimi nimezeeka. Kuvuja ni uongo. Langu la chumbani halijapitisha tone tangu siku nilipolipigilia.

Alikuja mtu wa kiwandani, akapima dirisha moja, akataka kuandika sitini na nne kama hilo. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia, bwana, mwashi aliyejenga hapa pima maji yake ilikuwa imelewa, hakuna matundu mawili yanayolingana. Ilikuwa mbele ya mkutano wa wakazi. Kamati ikaniteua mimi kupima jengo zima. Na unajua nani alinyoosha mkono kulipendekeza jina langu? Mwenyekiti mwenyewe, Miwani wa ghorofa ya tatu, aliye juu ya kichwa changu. Ameniogopa, anajikosha.

Miwani huyo huyo aliyepigilia bati juu ya dirisha la chumba chetu, miaka kumi na moja sasa, wakati wifi yako amelala mgonjwa. Nilitoka asubuhi kwenda karakana chumba kina mwanga, nikarudi jioni kina giza. Nilimpandia juu, nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Bati litabaki," akafunga mlango. Wifi yako akafa gizani. Tangu siku hiyo hatusalimiani, na safari hii ameingia choo cha kike.

Nataka kitu kimoja kwako. Wewe muuguzi, wewe ndiye uliyekuwa unamhudumia mwezi ule, ulikuwepo siku bati lilipopigiliwa. Niandikie ulichokiona. Andika jinsi marehemu alivyoulilia mwanga. Ukiandika wewe watasadiki, mwandiko wako umenyooka. Nitausoma mbele ya jengo zima, siku ninayoijua mimi.

Ni mimi kaka yako, mkono bado hautetemeki.

21 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Barua yako ilifika Jumatatu na nimeisoma mara mbili. Nashukuru goti linakubeba. Lisugue kwa maji ya moto asubuhi kabla hujashuka ngazi, si baada. Mjukuu ana meno mawili na anauma kila anayemsogelea, naona amekurithi. Mama yake amerudi kazini, kwa hiyo mchana nashinda naye mimi. Mgongo wangu unasema, lakini ni maneno madogo.

Nimefurahi kwamba umepewa kazi ya kupima. Hakuna mwingine anayeyajua matundu hayo. Ifanye kama unavyofanya kazi zako siku zote, halafu upumzike.

Kitanda chako bado kipo palepale chini ya dirisha? Hukuniambia. Na kifua chako kikoje mvua zikianza? Vaa sweta hata ndani ya nyumba.

Huyo jirani yako ni mzee sasa kama wewe. Miaka kumi na moja ni mingi, kaka. Mwache.

Wasalimie wote wanaokusalimia, najua ni wachache.

Mdogo wako.

9 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Meno mawili ni mwanzo mzuri, aendelee kuuma. Mimi sijambo, sweta ninalo, nimelitundika msumarini linakaa vizuri sana.

Nilikuuliza jambo moja, ukanijibu goti, kifua, kitanda, mgongo na mtoto. Juu ya bati hukuandika hata neno. Unanipiga chenga mimi? Mimi niliyekufundisha kupanda baiskeli? Nasubiri ule ushahidi.

Sasa nikupe yangu. Nimeshapima madirisha sitini na matatu kwa siku kumi na mbili. Upana mara tatu, juu, kati na chini, unaandika ulio mdogo. Kwenda juu vilevile mara tatu. Halafu kona kwa kona, kuona kama tundu limeinama. Mtu wa kiwandani alikuja kukagua matano akanikuta sina kosa hata la milimita mbili. Akasema, "Mzee, wewe ni mashine." Nikamwambia mashine huharibika.

La sitini na nne nililiacha la mwisho makusudi. Chumba cha kulala cha Miwani. Nilipanda Jumatano saa nne asubuhi. Akafungua mwenyewe.

"Karibu fundi."

"Nimekuja kikazi."

"Hata kikazi karibu."

Akataka kunishikia ncha ya futi. Nikamwambia futi yangu ina kulabu, haihitaji rafiki. Akakaa kwenye kiti akakohoa. Siku hizi anakohoa kama lori linalokataa kuwaka, namsikia hata kwa sikio langu hili. Kitanda chake kimewekwa chini ya dirisha kama changu, vyumba vyetu ni vyembamba, ndivyo vilivyo. Nilipoinama nje niliona bati lile kwa juu. Mdogo wangu, amelipaka rangi upya! Misumari mipya, kingo amezikunja vizuri maji yamwagikie pembeni. Miaka kumi na moja analitunza kama mboni ya jicho. Jeuri iliyoje! 

Nikamwuliza, "Kitu hiki kitatoka lini?"

Akafuta miwani yake. Akasema, "Siku utakayowekewa dirisha jipya, fundi, nitalitoa kwa mkono wangu."

Umeisikia kejeli hiyo?

Basi nikapima. Kwenda juu ni sentimita mia moja na ishirini kamili, juu kuna boriti ya zege na chini kuna zege, hapachimbiki hapo hata kwa nyundo ya reli. Nikaandika mia moja na ishirini na tano.

Umeelewa? Kiwanda kinakata yote kwa mkupuo mmoja. Siku ya kazi mafundi wanaanza kwa kung'oa ya zamani jengo zima, ndipo wanaingiza mapya. La Miwani litagoma. La zamani limeshavunjwa kuni. Mpaka akatiwe jingine ni zamu nyingine, miezi miwili, mitatu, na itakuwa katikati ya mvua. Atatundika nailoni. Upepo utaichana. Nataka alale kitandani kwake mvua ikimpiga usoni. Nataka ajifute kwa shuka, alale, ipige tena. Na siku hiyo nitaitisha mkutano palepale chumbani kwake, kwenye maji, niusome ushahidi wako.

Orodha inakwenda kiwandani tarehe 30 Mei. Andika upesi.

Ni mimi kaka yako, mashine.

2 Mei

Kaka,

Salamu nyingi. Huku wazima. Nimechelewa kujibu, na mjukuu si sababu, ingawa ningeweza kumsingizia. Niliianza barua hii mara nne.

Nakuomba urekebishe kile kipimo. Mtu mwenye kifua cha namna ile, kwa umri ule, ukimlaza kwenye mvua miezi miwili humtii adabu, unamzika. Nimewaona wengi, najua ninachosema.

Ushahidi unaoutaka siwezi kuuandika. Nilikuwepo, ni kweli. Lakini kuna mambo ya siku ile ambayo wifi aliniapisha nisiyaseme, na niliapa nikiwa nimemshika mkono. Usiniulize zaidi. Rekebisha tu, kaka, kwa ajili yangu kama si kwa ajili yake.

Yale maneno yako ya mvua usoni yamenikosesha usingizi.

Mdogo wako.

14 Mei

Wewe,

Salamu zako sizipokei, kwa hiyo na zangu usizisubiri.

Mke wangu hana siri na mimi. Miaka thelathini na minne tumekaa chumba kimoja, nilijua anapokohoa kwa baridi na anapokohoa kwa kunikasirikia. Siri gani? Umeenda upande wa Miwani. Alikupa nini? Alikuita "muuguzi wangu," ukalegea?

Orodha nimeshamkabidhi Miwani, imo kwenye faili lake, na saini yangu iko chini. Atalala na mia na ishirini na tano yake kwapani bila kujua. Akizikwa, nitatengeneza jeneza mwenyewe, na hilo nitalipima sawasawa.

Kama huna ushahidi usiniandikie tena. Jino la mtoto nitasikia kwa watu.

20 Mei

Kaka yangu,

Umenitukana na sijali. Soma hii taratibu, kidole kwenye mstari, hata ukitaka kuichana usiichane kabla ya mwisho.

Dirisha lako la chumbani lilikuwa linavuja.

Lilivuja tangu miaka mingi kabla ya ugonjwa. Mvua ya upepo wa kutoka barabarani ilikuwa inapita kona ya chini, upande wa kulia, kichwani pa kitanda. Wifi alikuwa akiweka taulo, na ukikaribia kurudi kutoka karakana anaikamua na kuianika jikoni. Ulipokuta godoro bichi alikwambia amemwaga maji ya kunywa. Unakumbuka ulivyomkaripia kwa kumwaga maji kila mara? Hakusema kwa sababu yule mama wa ghorofa ya chini alipokwambia la kwake linavuja, ulimnunia miaka miwili na ukamkataza wifi kumjibu salamu ngazini.

Alipolala moja kwa moja hakuweza tena kuweka taulo, misimu miwili ya mvua. Nilipokuja kumhudumia nilimkuta shavu limelowa, nikadhani analia. Nikakisogeza kitanda mpaka mlangoni. Jioni uliporudi ulikirudisha mwenyewe, ukasema mgonjwa anahitaji hewa ya dirisha lako. Mimi nikafungua mdomo niseme, yeye akanibana kidole.

Kesho yake alinituma nimwite jirani wa juu, akashuka. Wifi alimwambia hivi, nakumbuka maana alikuwa anacheka kwa shida: "Dirisha la mume wangu haliwezi kuvuja, kwa hiyo tafadhali mvua ndiyo izuiwe." Jirani akasema, "Atakuja juu kunipigia kelele." Wifi akasema, "Atakuja. Usimwambie." Jirani akafikiri, akasema, "Haya. Mimi si mke wake, akininunia sipungukiwi kitu." Wifi akatuapisha wote wawili.

Bati lilipigiliwa kabla ya saa sita. Aliyeshika ngazi nilikuwa mimi.

Giza unalolisema, hakulilia. Siku ile alilala mchana kutwa, shavu kavu, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Niliapa na nimevunja kiapo. Nimekivunja kwa sababu unataka kumfanyia mtu kitu kilekile kilichompata wifi, tena kwa sababu yake.

Rekebisha, kaka. Siku ni chache.

Mdogo wako.

16 Juni

Mdogo wangu,

Mjukuu anasimama? Sawa.

Barua yako niliipata tarehe 27. Nikasema, mwongo. Nikasema, mmepanga pamoja, wewe na Miwani. Nikaenda kwa mlinzi nikaazima ngazi, nikaweka nje, goti likalia nikaliacha lilie. Nikaling'oa bati msumari mmoja mmoja. Miwani alitokeza kichwa dirishani kwake. Hakuuliza. Akasema tu, "Shika pande hilo fundi, lina makali."

Nikakaa kitandani kusubiri mvua inipe haki yangu. Siku ya kwanza jua. Ya pili, saa tisa mchana, ikaja ya kutoka barabarani. Nikalala chali palipokuwa kichwa chake, nikalitazama dirisha langu. Mbao ya mninga, bawaba za shaba, hakuna aliyewahi kutengeneza kama lile. Nikaanza kuhesabu. Sikufika ishirini. Kona ya chini, upande wa kulia. Tone la kwanza lilinipiga chini ya jicho.

Sikuondoka. Nililala mpaka mvua ikakatika. Halafu nikachukua futi, unajua mimi, nikalipima lile tundu. Zege la chini limeinamia upande wa kulia milimita nane. Mwashi aliinamisha, ni kweli, lakini fundi ni yule anayeliona zege limeinama akachonga fremu iliyofuata. Mimi sikuliona. Nilipima upana na kwenda juu, kona kwa kona sikupima. Madirisha sitini na matatu nilipima kona kwa kona, lile la kwangu mwenyewe niliona najua.

Kesho yake ilikuwa tarehe 30. Nikapanda juu kabla mtu wa kiwandani hajafika. Nikamwambia Miwani, nipe karatasi.

"Kuna nini?"

"Chumba chako cha kulala. Andika mia moja na ishirini."

Akavaa miwani, akatazama. "Hapa pana mia na ishirini na tano."

"Ndiyo."

"Labda macho, fundi. Umri."

Mdogo wangu, alinifungulia mlango nipite. Ningesema macho, ningekwenda zangu na heshima yangu. Lakini mtu aseme macho yangu yanakosea sentimita tano? Mimi?

"Macho yangu ni mazima," nikamwambia. "Niliandika makusudi. Nilitaka unyeshewe."

Kikohozi kikamjia, kikaisha. Akafuta tano akaandika sifuri, mkono polepole. Halafu akaniuliza, "Na choo changu je? Kule kuna usalama?"

"Choo ni sahihi."

"Afadhali."

Nikataka kumwuliza kwa nini alivumilia miaka yote ile. Nilisimama pale nikiwa na swali mdomoni kama msumari, sikujua nilipigilie wapi. Nikachukua kalamu yake badala yake, nikafuta dirisha la chumba changu kwenye orodha. Akasema, "Hilo kwa nini?" Nikasema hilo halihitaji. Akasema linavuja. Ni mtu wa kwanza kuniambia hivyo usoni tangu yule mama wa chini, na nikamjibu, "Najua."

Basi wameshaleta vioo na wiki ijayo wanaanza kung'oa. Jengo lote litang'aa kama sufuria mpya isipokuwa pale kwangu. Bati limeegemezwa ukutani barabarani, Miwani amekuja mara mbili kuniomba alirudishe, nimemkatalia. Kitanda kipo palepale. Wifi yako alilalia maji misimu miwili ya mvua kabla ya bati, nimehesabu kutoka barua yako. Nitalala misimu miwili kamili, bila taulo. Baada ya hapo waje wanipimie, na apime mtu mwingine. Usiniandikie juu ya kifua. Sweta nimelivaa, hilo nakubali, maana naye alikuwa na blanketi.

Miwani nimemalizana naye, jana nilimsalimia ngazini. Mimi mwenyewe najilipa kila inaponyesha. Umebaki wewe. Ulishika ngazi, ukanitazama nikimlaani mtu miaka kumi na moja mezani kwangu ukila chakula changu, ukanyamaza. Hilo sijalisahau wala sitalisahau, usijidanganye.

Kwa hiyo njoo. Panda basi la Ijumaa, mlete na huyo mwenye meno. Nitakukalisha kwenye kiti kando ya kitanda, mlango nitaufunga, na utanieleza kila neno alilolisema siku ile, alivyocheka, alichosema baada ya kulala, kila kitu, moja baada ya jingine, ukiruka nitakurudisha mwanzo. Hutainuka mpaka yaishe.

Ni mimi kaka yako.